Jinsi ya Kuchagua Kadi ya Mkopo ya Kukusanya Maili za Ndege: Anza na Safari, Kadi Ije Mwisho

Tangazo la kadi ya mkopo kwa kawaida huanza na picha ya ndege na tarakimu kubwa ya maili, yaani pointi zinazobadilishwa kwa tiketi za ndege, za kumkaribisha mteja mpya, kisha ada, riba na masharti hufuata chini kwa maandishi madogo. Anayechagua kadi kwa kufuata mpangilio huo wa tangazo huishia na maili asizoweza kuzitumia, au maili zilizomgharimu kuliko tiketi ambayo angeinunua kwa fedha zake mwenyewe. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kinyume: kwanza hali ya deni lako, kisha safari unayoitaka, kisha thamani ya maili, kisha matumizi yako ya kila mwezi, na kadi yenyewe inakuja baada ya hayo yote. Ni kazi ya jioni moja, kwa kalamu, karatasi na taarifa za akaunti za miezi michache iliyopita.

Kabla ya hatua zenyewe, inafaa kujua maili hizi zinatoka wapi. American Airlines ilianzisha mpango wake wa AAdvantage mwaka 1981 ili kuwashikilia abiria wanaosafiri mara kwa mara, na ndani ya muongo huohuo benki zikaingia katika biashara hiyo, zikinunua maili kwa jumla kutoka kwa mashirika ya ndege na kuwagawia wateja wao kulingana na matumizi ya kadi. Biashara hiyo imekuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2020, ndege nyingi zilipokuwa zimeegeshwa kwa sababu ya UVIKO-19, United Airlines iliuweka mpango wake wa MileagePlus kuwa dhamana na kukopa mabilioni ya dola. Fedha ambazo benki hununulia maili hutoka katika mifuko mitatu: makato anayokatwa muuzaji kila kadi inapotumika kwake, ada ya mwaka ya mwenye kadi, na riba ya wateja wanaobeba deni.

Mfuko wa kwanza hutofautiana sana kati ya nchi na nchi. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliweka ukomo wa asilimia 0.3 kwa makato yanayokwenda kwa benki iliyotoa kadi ya mkopo ya mtu binafsi, ilhali Marekani haina ukomo wa namna hiyo kwa kadi za mkopo. Hiyo ni sababu kubwa ya bonasi za kujiunga na kadi za Marekani kuwa nono kuliko za Ulaya. Ushauri mwingi wa mtandaoni kuhusu maili umeandikwa kwa ajili ya soko la Marekani, kwa hiyo msomaji wa nchi nyingine achukue hoja zake na kuziacha tarakimu zake.

Hatua ya kwanza: Uwe na uhakika kwamba deni hulipwa lote kila mwezi

Hatua hii haina njia ya mkato. Chukua mfano wa kadi yenye riba ya asilimia 24 kwa mwaka, kiwango ambacho si cha ajabu kwa kadi za mkopo. Hiyo ni takriban asilimia 2 kwa mwezi. Maili ambazo kadi ya kawaida hutoa kwa matumizi ya kila siku, zikigeuzwa kuwa fedha, huwa na thamani ya asilimia 1 hadi 2 ya kiasi kilichotumika. Maana yake ni kwamba mwezi mmoja tu wa kubeba deni unatosha kuifuta faida yote ya matumizi hayo, na mwezi wa pili unaanza kukutoza kwa safari ambayo bado hujaenda.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalioni mpaka walikute kwenye taarifa ya akaunti. Kadi nyingi hutoa kipindi cha nafuu, yaani siku kati ya kufungwa kwa hesabu ya mwezi na tarehe ya mwisho ya malipo, ambapo manunuzi hayatozwi riba. Kipindi hicho ni cha anayelipa deni lote. Ukilipa kiwango cha chini pekee, si lile salio lililobaki tu linalotozwa riba: mara nyingi hata manunuzi mapya huanza kutozwa tangu siku yalipofanyika. Kwa sababu hiyo, mwenye deni la zamani la kadi alilipe kwanza, na akihitaji kadi mpya atafute yenye riba ndogo, hata kama haitoi maili yoyote. Aliye salama kwa upande huu aagize benki ikate salio lote kutoka akaunti yake kila tarehe ya malipo inapofika, asitegemee kumbukumbu.

Hatua ya pili: Chagua safari, kisha uitafute njia ya kuilipia

Andika safari moja au mbili ambazo kweli unakusudia kuzifanya ndani ya miaka miwili ijayo: kutoka wapi, kwenda wapi, watu wangapi, miezi gani, daraja gani. Kisha angalia ni mashirika gani yanayoruka njia hiyo na ni ya muungano upi. Miungano mikubwa ni mitatu, Star Alliance iliyoundwa mwaka 1997, oneworld iliyoanza mwaka 1999 na SkyTeam ya mwaka 2000, na faida yake kwa mkusanya maili ni kwamba maili za shirika moja zinaweza kununua kiti katika ndege ya shirika jingine la muungano huohuo. Ethiopian Airlines na EgyptAir zimo Star Alliance pamoja na United, Lufthansa na Air Canada; Kenya Airways imo SkyTeam pamoja na KLM, Air France na Delta; Qatar Airways na Royal Air Maroc zimo oneworld pamoja na British Airways na American. Emirates haimo katika muungano wowote, ingawa ina makubaliano yake yenyewe na mashirika kadhaa.

Hapa ndipo watu wengi wanapojifunga bila kujua. Mtu anaweza kudhani kwamba ili aruke na Ethiopian Airlines ni lazima awe na maili za Ethiopian, kumbe maili za Aeroplan ya Air Canada au za MileagePlus ya United zinaweza kununua kiti hichohicho, wakati mwingine kwa idadi tofauti kabisa ya maili. Vivyo hivyo, Avios ni sarafu ya maili inayotumiwa na British Airways, Iberia, Aer Lingus, Qatar Airways na Finnair, na mwanachama anaweza kuzihamisha kati ya akaunti zake za mashirika hayo. Swali la kujiuliza, basi, si shirika gani utaruka nalo tu, bali ni maili za mpango upi zinazoweza kukupandisha ndege hiyo, na kati ya mipango hiyo ni upi unaofikiwa na kadi zinazotolewa katika nchi unayoishi.

Usikubali kuamini jedwali la shirika la bei za maili peke yake. Fungua akaunti ya bure katika mpango unaoufikiria, ingia sehemu ya kutafuta tiketi za maili, na uweke tarehe halisi za safari yako. Mashirika mengi hufungua mauzo takriban miezi 11 kabla ya safari, na viti vinavyotolewa kwa maili, hasa vile ambavyo shirika linawaachia washirika wake, huwa vichache. Ukijaribu tarehe kadhaa na usipate viti viwili vya pamoja hata mara moja, mpango huo haukufai kwa safari hiyo, hata kama tangazo la kadi yake linameremeta namna gani. Anayesafiri na watoto wa shule, ambaye hana budi kwenda wakati wa likizo, alifanye jaribio hili kwa makini zaidi kuliko mwingine yeyote, kwa sababu tarehe anazozitaka yeye ndizo zinazotakiwa na kila mtu.

Hatua ya tatu: Pima thamani ya maili kwa hesabu yako mwenyewe

Thamani ya maili haiko kwenye kadi, iko kwenye tiketi. Kanuni yake ni hii: chukua bei ya tiketi kwa fedha, toa kodi na tozo ambazo utalipa hata ukitumia maili, kisha gawanya kwa idadi ya maili zinazodaiwa.

Tuseme tiketi inauzwa 620 kwa sarafu yoyote unayoitumia. Kwa maili, tiketi hiyohiyo inadai maili 40,000 pamoja na kodi na tozo za 120. Maili zako zimekuokolea 500. Ukigawanya 500 kwa 40,000 unapata 0.0125, yaani kila maili 100 zina thamani ya 1.25. Sasa angalia tiketi nyingine inayouzwa 300, au maili 25,000 na tozo za 150. Hapo maili zimeokoa 150 tu, na kila maili 100 zina thamani ya 0.60, chini ya nusu ya ile ya kwanza. Mtu yuleyule, mwenye maili zilezile, anaweza kupata faida maradufu au kuzitupa, kutegemea tiketi aliyoichagua.

Kinachoharibu hesabu mara nyingi ni hizo tozo. Kodi za serikali na za viwanja vya ndege hazikwepeki, lakini baadhi ya mashirika huongeza tozo yao wenyewe, ambayo zamani iliitwa ya mafuta, na kwenye safari ndefu za daraja la biashara tozo hiyo inaweza kufikia bei ya tiketi nzima ya daraja la kawaida. British Airways inajulikana kwa jambo hili. Kwa hiyo usiishie kwenye ukurasa unaoonyesha idadi ya maili. Endelea mpaka ukurasa wa malipo, soma jumla ya fedha inayodaiwa, ndipo ufunge.

Tahadhari moja kuhusu daraja la biashara. Ukilipima kwa kanuni ile ile, maili huonekana kuwa na thamani kubwa ajabu, kwa kuwa bei ya tiketi hizo kwa fedha ni kubwa. Lakini kama hungeinunua tiketi hiyo kwa fedha hata siku moja, hujaokoa kiasi hicho. Umepata kiti kizuri, basi. Mimi ningeweka kwenye hesabu bei ya juu kabisa ambayo ningekubali kuilipa kutoka mfukoni, si bei iliyoandikwa na shirika.

Baada ya kupima safari mbili au tatu utapata wastani wako. Uandike, kwa sababu utautumia katika kila hatua inayofuata. Katika mifano ya hapa chini nitashikilia 1.25 kwa kila maili 100.

Hatua ya nne: Soma taarifa zako za akaunti kama karani wa mahesabu

Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari, na katika jambo hili daftari lipo tayari: benki hukutumia kila mwezi. Chukua taarifa za miezi mitatu hadi sita, uyagawe matumizi katika mafungu machache, kwa mfano chakula cha nyumbani, mikahawa, mafuta ya gari au nauli, safari, bili, na mengineyo. Ondoa kila malipo ambayo hayawezi kufanywa kwa kadi ya mkopo au ambayo yanatozwa nyongeza ukitumia kadi. Kama mwenye nyumba anakubali kodi kwa kadi lakini anaongeza asilimia 3, malipo hayo yameshakula maili zake kabla hazijazaliwa.

Sasa linganisha kadi mbili za kubuni. Kadi ya kwanza haina ada ya mwaka na inatoa maili 1.5 kwa kila 1 inayotumika, popote. Kadi ya pili ina ada ya 100 kwa mwaka, inatoa maili 3 kwa mikahawa na safari, na maili 1 kwingineko. Mwenye kutumia 1,000 kwa mwezi, yaani 12,000 kwa mwaka, ambapo 2,400 ni ya mikahawa na safari, atapata maili 18,000 kwa kadi ya kwanza. Kwa kadi ya pili atapata 7,200 kutoka mikahawa na safari na 9,600 kwingineko, jumla 16,800, na bado analipa ada. Hata akiongeza maradufu matumizi ya mikahawa na safari hadi 4,800 bila kubadilisha jumla, kadi ya pili itampa maili 21,600. Tofauti ya maili 3,600 ina thamani ya 45 tu, chini ya nusu ya ada. Ili kadi hiyo ijilipie kwa maili pekee, anahitaji kutumia 7,000 kati ya 12,000 zake kwenye mikahawa na safari. Wapo watu wa namna hiyo, hasa wanaosafiri kikazi na kurudishiwa gharama na mwajiri, lakini tangazo la «maili mara tatu» huwafikia wote kwa sauti ileile.

Jambo dogo la kiufundi linaleta malalamiko mengi hapa. Benki haijui umenunua nini. Inajua tu umelipa wapi. Kila muuzaji ana msimbo wa tarakimu nne unaoonyesha aina ya biashara yake, na msimbo huo ndio unaoamua idadi ya maili: 5411 ni duka la vyakula, 5812 ni mkahawa, na kadhalika. Chakula cha jioni ulichokula katika mkahawa ulio ndani ya hoteli kinaweza kuhesabiwa kama hoteli. Tiketi ya ndege iliyonunuliwa kupitia wakala inaweza kuhesabiwa kama wakala wa safari, si shirika la ndege. Katika mwezi wa kwanza wa kutumia kadi, fuatilia mstari kwa mstari uone kila muuzaji wako wa kawaida amehesabiwa katika fungu gani.

Hatua ya tano: Amua aina ya kadi kabla ya jina la kadi

Aina ni tatu. Ipo kadi ya shirika la ndege, ambayo maili zake huingia moja kwa moja katika mpango wa shirika hilo. Ipo kadi ya pointi za benki, kama zile zinazokusanya Membership Rewards za American Express, ambazo pointi zake hukaa benki mpaka utakapoamua kuzihamishia kwenye mojawapo ya mipango washirika. Na ipo kadi ya kurudishiwa fedha, ambayo haihusiani na ndege lakini lazima iwekwe mezani, kwa kuwa ndiyo kipimo: kama kadi hiyo inakurudishia asilimia 2 bila masharti na kadi yako ya maili inakupa sawa na asilimia 1.5, fedha zinakata tiketi yoyote, ya shirika lolote, tarehe yoyote, bila kumwomba mtu kiti.

Kwa mtu asiyefungwa na shirika moja, mimi napendelea pointi za benki. Sababu ni kwamba mashirika hubadilisha bei za maili bila kumuuliza mteja. Delta iliondoa majedwali yake ya bei za maili mwaka 2015, United ikafuata mwaka 2019, na tangu hapo bei ya tiketi ya maili kwa ndege zao hupanda na kushuka kama bei ya fedha. Mwenye maili zote katika mpango mmoja hana pa kukimbilia mabadiliko yanapotokea, ilhali mwenye pointi benki anaweza kugeukia mpango mwingine. Hatari kubwa zaidi ni shirika kufilisika: Ansett ya Australia ilipoanguka mwaka 2001, na Air Berlin ya Ujerumani mwaka 2017, wanachama walibaki na maili zisizoweza kukata tiketi.

Pointi za benki nazo zina adabu yake. Kuhamisha ni safari ya kwenda tu. Pointi zikishageuzwa kuwa maili hazirudi benki. Kwa hiyo tafuta kiti kwanza, hakikisha kipo, ndipo uhamishe, ukikumbuka kwamba uhamisho mwingine hukamilika papo hapo na mwingine huchukua siku kadhaa, na katika siku hizo kiti kinaweza kuchukuliwa. Angalia pia uwiano wa uhamisho. Pointi 1,000 zinazogeuka kuwa maili 1,000 si sawa na pointi 1,000 zinazogeuka kuwa maili 500, na uwiano huo hutofautiana kati ya mshirika na mshirika, hata kati ya nchi na nchi kwa kadi yenye jina lilelile.

Kadi ya shirika inafaa kwa mtu wa aina moja: anayeruka na shirika hilohilo mara kadhaa kwa mwaka na anayelipia mizigo. Baadhi ya kadi hizo humpa mwenye kadi begi la kwanza bila malipo na kumwingiza ndegeni mapema, na kwa familia inayosafiri pamoja begi hilo peke yake linaweza kurudisha ada ya mwaka mzima.

Usisahau muda wa kuisha kwa maili. SkyMiles za Delta na MileagePlus za United hazina tarehe ya kuisha. Avios za British Airways huisha baada ya miezi 36 bila shughuli yoyote katika akaunti, kwa hiyo muamala mmoja mdogo unazihuisha. KrisFlyer ya Singapore Airlines na Skywards ya Emirates hufuata kanuni nyingine, ambapo kila maili ina umri wake wa takriban miaka mitatu tangu ipatikane. Anayekusanya polepole asiingie katika mpango wa namna hii bila kupiga hesabu kama atafikia idadi anayoihitaji kabla maili za mwanzo hazijaanza kufa.

Hatua ya sita: Ipime bonasi ya kujiunga kwa matumizi yako ya kawaida

Bonasi ndiyo njia ya haraka ya kupata maili nyingi, na ndiyo mtego wenyewe. Sharti la kawaida ni kutumia kiasi fulani ndani ya miezi michache. Tuseme kadi inatoa maili 50,000 ukitumia 4,000 katika miezi mitatu. Mtu wetu wa 1,000 kwa mwezi atafikisha 3,000 na kupungukiwa 1,000. Akinunua vitu asivyovihitaji ili kuziba pengo hilo, amezinunua maili hizo kwa fedha taslimu. Lakini akiomba kadi wiki chache kabla ya malipo makubwa ambayo yangekuwepo tu, kama vile bima ya gari ya mwaka, ada ya masomo au matengenezo ya nyumba, pengo linajizibia lenyewe.

Soma kwa makini muda unaanza kuhesabiwa lini, kwani kwa kadi nyingi ni siku ombi lilipokubaliwa, si siku bahasha ilipofika. Kutoa fedha taslimu, kutuma fedha, kujaza pochi ya simu na ada ya mwaka yenyewe kwa kawaida havihesabiwi, na bidhaa ukiirudisha dukani, kiasi chake hutolewa. Kwa hiyo usiishie 4,000 kamili, vuka kidogo. Tena, baadhi ya benki hazitoi bonasi mara ya pili kwa mtu aliyewahi kuwa na kadi ileile, jambo ambalo ni sababu nzuri ya kusubiri ofa kubwa badala ya kuikimbilia ya kwanza.

Hatua ya saba: Toa ada na tozo, kisha marupurupu uyape bei ya kweli

Kama safari zako zinavuka mipaka, tozo ya miamala ya fedha za kigeni ina uzito kuliko karibu kila kitu kingine kwenye kadi. Ikiwa ni asilimia 3 na maili zako zina thamani ya asilimia 1.5, kila ununuzi wa ugenini unakutoa asilimia 1.5. Chagua kadi isiyo na tozo hiyo, au uiache nyumbani. Na ukiwa dukani au hotelini ugenini, mashine ikikuuliza kama unataka kulipa kwa sarafu ya nchi yako, kataa na uchague sarafu ya mahali ulipo, kwa sababu kiwango cha kubadilisha kinachowekwa na mashine hiyo mara nyingi huwa kibaya kuliko cha mtandao wa malipo wa kadi yako, kama Visa au Mastercard.

Marupurupu kama kuingia katika kumbi za mapumziko za viwanja vya ndege, salio la kutumia hotelini na bima ya safari huandikwa kwenye tangazo kwa bei kubwa. Yape bei ambayo wewe ungeilipa. Asiyewahi kununua nafasi katika ukumbi wa mapumziko asiandike kwenye hesabu yake bei ya mlangoni. Aandike labda gharama ya chakula na kinywaji ambacho angenunua nje. Bima ndiyo ninayoiheshimu zaidi, lakini ina sharti linalosahaulika: kwa kadi nyingi tiketi yenyewe lazima iwe imelipiwa kwa kadi hiyo. Uliza kama tiketi ya maili, ambayo umelipia tozo tu kwa kadi, inahesabika.

Hatua ya nane: Omba kadi moja, kwa wakati unaofaa

Kila ombi huacha alama katika taarifa zako za mikopo, na maombi mengi kwa mpigo humfanya mkopeshaji akuone kama mtu aliyebanwa. Anayetarajia kuomba mkopo wa nyumba au wa gari katika miezi ijayo aahirishe kadi. Kabla ya kutuma ombi, hifadhi nakala ya ukurasa wa ofa wenye idadi ya maili na masharti yake. Bonasi ikichelewa au ikija pungufu, nakala hiyo ndiyo itakayokusemea mbele ya huduma kwa wateja. Hakikisha pia kwamba jina kwenye kadi na jina kwenye akaunti ya mpango wa ndege vinafanana na pasipoti.

Hatua ya tisa: Mwezi mmoja kabla ya ada ya pili

Mwaka wa kwanza hubebwa na bonasi, mwaka wa pili hauna bonasi. Mwezi wa kumi na moja, rudia hesabu ya hatua ya nne na ya saba kwa matumizi halisi ya mwaka uliopita, bila bonasi ndani yake. Matokeo yakiwa chini ya ada, ipigie benki simu, useme wazi kwamba unafikiria kuifunga kadi, na uulize kama wana punguzo la ada au maili za ziada kwa mwaka unaofuata. Wakikataa, uliza kama unaweza kuhamia kadi ya chini isiyo na ada katika benki hiyohiyo, kwa kuwa njia hii mara nyingi huiacha hai historia ya akaunti yako na pointi zako.

Ukiamua kufunga kabisa, angalia maili ziko wapi. Zilizokwisha kuingia katika mpango wa shirika la ndege hubaki zako hata kadi ikifungwa. Pointi zilizo benki kwa kawaida hupotea akaunti inapofungwa, kwa hiyo zihamishe au uzitumie kwanza, subiri mpaka uzione zimeingia upande wa pili, na ndipo upige simu ya kufunga.